Nyaya ukutani: Neno "Hatari" pekee halitoshi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika zama hizi za stima, methali hiyo yahitaji nyongeza. Kuna kuta nyingi nchini ambazo hazina ufa wowote, zimepigwa lipu na kupakwa rangi ya kuvutia, lakini zimebeba waya ambao siku moja waweza kumwangamiza mwenye nyumba pamoja na wanawe. Jambo la kusikitisha ni kwamba waya huo haujafichwa. U nje peupe, kila mpita njia auona, ila wachache mno ndio wanaojua kuusoma.

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi unaojulikana kama Last Mile, uliokusudiwa kuwafikishia umeme wananchi wanaoishi katika masafa ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000. Hatua hiyo ilistahili pongezi, na anayeibeza bila shaka hajapata kudurusu masomo yake kwa mwanga wa koroboi. Lakini kila nyumba iliyounganishwa, iwe ya mawe, ya mbao, ya mabati au ya udongo, iliongezewa kitu kipya nje ya ukuta wake. Waya ulitoka nguzoni, ukatua ukutani, ukaingia ndani. Hoja yangu leo inahusu hizo hatua chache kati ya nguzo na mlango.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa isimu ana nini na nyaya za stima? Swali hilo ni la haki. Mimi si mhandisi wala fundi, na sina nia ya kumnyang'anya mtu kazi yake. Lakini tangu niingie katika taaluma hii nimekuwa nikichunguza jinsi watu wanavyoeleza mambo, na jinsi maelezo hayo yanavyofichua jambo moja na kuficha jingine. Katika suala la umeme, lugha yetu imeficha mengi.

Hebu zingatia tunavyosimulia maafa. Mtoto akiguswa na waya uliochubuka, sisi husema "stima ilimshika". Nyumba ikiteketea, twasema "stima ilipiga shoti". Katika sentensi hizo mbili, kiima ni stima. Ndiyo inayoshika, ndiyo inayopiga, kana kwamba ni jini lililotoka baharini kwa hiari yake. Aliyeutundika waya huo kwa misumari hayumo katika sentensi. Mwenye ploti aliyekataa kununua bomba la kuukinga hayumo. Aliyetakiwa kuukagua kabla ya kuwashwa pia hayumo. Sarufi imewasamehe wote kabla ya uchunguzi kuanza. Ilhali waya haukujitundika.

Neno "shoti" lenyewe lahitaji kutazamwa. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo hubeba maana tatu zilizo tofauti kabisa. Mara humaanisha waya mbili kugusana pasipo kitu cha kutumia umeme baina yao. Mara humaanisha waya mwembamba kubebeshwa mzigo unaouzidi hadi ukapata moto. Mara humaanisha umeme kuvuja kutoka kwenye waya na kuingia katika bati, bomba au ukuta uliolowa. Kila moja ya kasoro hizi ina chanzo chake na dawa yake. Daktari anayeita kila ugonjwa "homa" hawezi kumponya mtu, na jamii inayoita kila kasoro ya umeme "shoti" haiwezi kujikinga.

Sasa na tuufuate waya wenyewe tangu nguzoni, ili tuone ni nini kinachostahili kuwepo.

Waya utokao nguzoni huning'inia hewani, kwa hivyo hutikiswa na upepo mchana kutwa na usiku kucha. Unapofika nyumbani haufai kufungwa kwenye ukingo wa bati wala kwenye ubao uliooza. Hufungwa kwenye ndoano imara iliyoshikizwa ukutani au kwenye mlingoti wa chuma, na kifungo chenyewe kisipitishe umeme. Ukingo wa bati ni mkali mithili ya kisu. Waya unaougusa huchunwa kidogo kidogo kila upepo unapovuma, na siku ganda lake linapoisha, paa zima huwa na umeme. Anayepanda kuziba tundu la mvua, au anayeanika nguo kwenye kamba ya chuma iliyofungwa kwenye paa hilo, hana habari kwamba anagusa waya.

Baada ya hapo kuna suala la maji. Maji ya mvua huufuata waya kama yanavyofuata mfereji. Ndiyo sababu fundi mwenye ujuzi huuacha waya ushuke chini kidogo, ufanye kitanzi, kisha ndipo aupandishe mahali unapoingilia. Maji hufika chini ya kitanzi na kudondoka ardhini badala ya kuingia kwenye mita au kwenye kisanduku cha fyuzi. Kadhalika, tundu linalotobolewa ukutani huinamishwa kuelekea nje, na nafasi iliyobaki huzibwa. Tundu lililoinamia ndani ni mwaliko kwa maji.

La tatu ni jua. Nyaya nyingi za matumizi ya ndani, hasa ule waya bapa unaofahamika na mafundi wote, zina ganda la plastiki lisilostahimili jua kwa miaka mingi. Ukiuweka nje, ganda hukakamaa, hupasuka, na shaba ikabaki uchi. Waya wa nje hutengenezwa kwa ganda linalohimili jua, aghalabu jeusi, au hupitishwa ndani ya bomba, ambalo mafundi huliita konduiti. Basi ukiona waya bapa wa ndani umetoka dirishani ukaelekea jikoni, kwenye choo cha nje au kwenye kibanda cha kuku, tambua kwamba umri wake umeanza kuhesabiwa.

La nne ni vishindo vya kila siku. Sehemu ya waya iliyo katika kimo anachofikia mtoto, mbuzi au toroli huhitaji kinga imara zaidi, yaani bomba gumu la plastiki au la chuma. Na likiwa la chuma, lazima nalo liunganishwe na waya wa ardhi, la sivyo kinga yenyewe yaweza kugeuka kuwa hatari. Waya upite wima au mlalo, usikate ukuta mshazari, ili yeyote anayetaka kupigilia msumari aweze kukisia ulipo. Ushikizwe kwa klipu zinazokaribiana, si kwa msumari uliokunjwa juu yake. Usitiwe katika bomba moja na waya wa simu au wa televisheni, na ujitenge na bomba la gesi. Ukilazimika kuvuka uwanja kwenda kwenye nyumba nyingine, ni heri uzikwe, ukiwa wa aina iliyovikwa deraya ya chuma, katika kina kisichofikiwa na jembe, na mahali pake pawekwe alama.

Mwisho ni ule waya ambao mafundi huuita "ethi", yaani waya wa ardhi, unaoshuka ukutani hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Kwa kuwa taa huwaka hata pasipo waya huu, kuna wanaouona kuwa gharama ya bure. Wengine huukata ili wauze shaba yake. Huo ndio waya unaoupa umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini bila kupitia mwilini mwa binadamu.

Walimu wa hesabu na sayansi wanaweza kuthibitisha haya ubaoni. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Mwili wa mtu aliyelowa maji waweza kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000. Gawanya volti kwa omu, utapata ampea 0.24, yaani miliampea 240. Balbu ya kawaida ya wati 60 hutumia ampea 0.25. Kwa hivyo mkondo unaokaribia ule wa kuwasha balbu moja unatosha kumuua mtu, kwani hata miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda huhatarisha moyo. Fyuzi ya ampea 30 haitaona chochote, maana kwake hiyo ni sehemu moja kati ya 125 ya kiasi inachoruhusu. Fyuzi huwekwa ili kuuokoa waya usiungue. Anayemwokoa mtu ni waya wa ardhi, pamoja na kile kifaa kinachokata stima mara kinapohisi miliampea 30 zimevuja. Iwapo mwananchi angalielezwa jambo hili moja tu kwa lugha anayoielewa, asingalilala akidhani kwamba maadamu ana fyuzi yu salama.

Hapo ndipo tunaporejea kwenye lugha. Rangi za nyaya nazo ni lugha. Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, alifunza kwamba uhusiano kati ya ishara na maana hautokani na maumbile, bali hutokana na makubaliano ya jamii. Hakuna kitu katika wekundu kinachoufanya uwe umeme. Ni mapatano tu. Na mapatano yanapobadilika, balaa huingia.

Kwa miaka mingi tulifuata utaratibu tuliorithi kwa Waingereza. Waya mwekundu ndio wenye umeme, mweusi ni nyutro, na wa kijani ni wa ardhi. Penye njia tatu za umeme, kama vile katika shule kubwa au mashine ya kusaga, nyaya zenye umeme zilikuwa nyekundu, manjano na buluu. Uingereza ilianza kubadili rangi hizo mwaka 2004, na kufikia 2006 ikafanya mpya ziwe za lazima. Sasa wenye umeme ni wa kahawia, nyutro ni buluu, na wa ardhi una mistari ya kijani na manjano. Penye njia tatu, zenye umeme ni kahawia, nyeusi na kijivu. Katika majengo yetu leo waweza kuzikuta rangi za kale na za kisasa, mara nyingine katika jengo moja.

Tafakari maana yake. Waya mweusi katika utaratibu wa kale ni nyutro, na katika utaratibu mpya waweza kuwa umebeba umeme. Waya wa buluu zamani uliweza kubeba umeme, na sasa ndio nyutro. Katika isimu, neno moja lenye maana mbili zisizohusiana huitwa homonimu. Mwanafunzi akikosea homonimu katika mtihani hupoteza alama. Fundi akiikosea ukutani hupoteza uhai. Jengo lenye nyaya za utaratibu zote mbili lapasa kuwa na tangazo linaloeleza hivyo, nalo liandikwe kwa lugha inayosomeka na watu wanaoishi humo.

Je, ni lugha gani inayotumika? Historia ya umeme nchini huhesabiwa tangu mwaka 1908, pale Mombasa na Nairobi. Katika muda wote huo, neno la Kiswahili ambalo mwananchi hulikuta mara nyingi zaidi likiwa limeandikwa juu ya nguzo na transfoma ni "Hatari", likiambatana na picha ya fuvu. Nalo limefanya kazi kubwa. Hakuna mtoto asiyelijua. Hilo ni thibitisho kwamba Kiswahili chaweza kuokoa maisha kikipewa nafasi. Lakini "Hatari" ni nomino tu. Haisemi ni nini kilicho hatari, kwa nini, wala mtu afanye nini. Maagizo kamili, kanuni za kutandaza nyaya na vyeti vya ukaguzi vimebaki katika Kiingereza. Mwananchi amepewa onyo akanyimwa maelezo.

Fundi, mpangaji na mwenye nyumba huzungumza Kiswahili au lugha ya mama wanapoelewana bei. Fundi husema "nitakuvutia stima", naye mteja huitikia "sawa, fundi". Mteja hawezi kuuliza kuhusu kitanzi cha maji, maana hajapata kusikia kwamba kipo. Hawezi kudai waya wa ardhi, maana "ethi" kwake ni sauti tu. Mwishowe hupewa cheti kilichopigwa muhuri, akakihifadhi vizuri pamoja na hati ya shamba, bila kujua kimesema nini.

Sheria haina kasoro katika jambo hili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Sheria ya Kawi ya 2019 iliipa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, EPRA, jukumu la kuwapa leseni mafundi wa umeme. Kazi hii si ya kila mwenye bisibisi na koleo. Tunachokosa ni daraja kati ya maandishi hayo na ukuta wa mwananchi.

Najua kuna pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hili limechakaa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tuna mkondo, tuna ukinzani, tuna kihami. Mahali ambapo hatuna neno la asili tunalo la kukopa, nalo si haramu. Umeme hapo awali ulikuwa ni mmweko wa radi. Stima, kwa wazee wa pwani, ilikuwa meli. Lugha iliyoweza kuyahamisha maneno hayo haiwezi kushindwa na fyuzi na klipu.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Kuna watakaosema kwamba nyaya mbovu zinatokana na umaskini na tamaa, si lugha. Mpangaji wa mtaa wa mabanda anayeunganishiwa stima kimagendo hahitaji kijitabu. Anahitaji nyumba bora na umeme halali wa bei anayoimudu. Nakubali. Neno haliwezi kuchukua mahali pa bomba, wala kamusi haiwezi kuchukua mahali pa mkaguzi. Lakini wapo maelfu waliolipa ada yao kwa njia halali, wakamlipa fundi, na bado waya wao umelalia ukingo wa bati. Hao hawakukosa fedha za klipu chache. Walikosa kujua kwamba walikuwa na la kudai. Hata maskini akijua jina la kile anachonyimwa, huwa vigumu zaidi kumnyima.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Mosi, kila nyumba inayounganishiwa umeme ipewe ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha na chepesi, wenye michoro, unaoeleza mwendo wa waya kutoka nguzoni hadi kwenye swichi kuu. Pili, cheti cha fundi kiwe na sehemu ya Kiswahili, itakayoandikwa jina lake, nambari ya leseni yake, na orodha ya yale aliyoyafanya, ili sentensi yetu ipate mtenda. Tatu, shule zichukue hatua bila kungoja waraka kutoka Nairobi.

Kwa walimu wenzangu, hili la tatu ni rahisi. Insha ya maelezo haina budi kuwa na jambo la kuelezwa. Waagize wanafunzi wasimame mbali na ukuta wa shule, mikono nyuma, bila kugusa chochote wala kupanda popote, wautazame waya na kuandika wanachokiona. Je, umefungwa wapi? Wagusa bati? Una kitanzi cha maji? Umekingwa katika kimo cha mtoto? Kamba ya nguo i umbali gani? Waya wa ardhi upo au umekatwa? Mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha, mwalimu wa sayansi asahihishe hoja, na insha iliyo bora ipelekwe kwa mwalimu mkuu na halmashauri ya shule. Zoezi hilo hilo mwanafunzi aweza kulirudia nyumbani, akawasomea wazazi wake. Marekebisho yenyewe yaachiwe fundi mwenye leseni, na stima iwe imezimwa.

Kila tarehe 7 Julai huwa tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa mashairi, ngoma na hotuba ndefu. Sina ugomvi na ngoma. Lakini lugha hupata heshima ya kweli inapomfaa mtu katika jambo analolihitaji, na hitaji kubwa kuliko yote ni kuishi. Tumeshawafunza watoto wetu neno "Hatari". Sasa tuwamalizie sentensi.